Hata Joka Hupiga Hodi

Siku mwenye mfuniko alipokuja kuchukua mfuniko wake, lifti ilikuwa imegoma kama kawaida yake, kwa hiyo alipanda ngazi hadi ghorofa ya nne, sufuria kwapani, akafika mapokezi akihema. Alikuwa mama wa makamo, mnene kiasi, kavaa kandambili. Dada wa mapokezi alikuwa anapuliza kucha alizotoka kuzipaka rangi, hata macho hakuinua.

"Una miadi?"

"Sina miadi. Nina sufuria."

Dada wa mapokezi akaitazama sufuria, akaona ni kweli haina mfuniko, akamwelekeza meza ya dirishani kwa mchoraji. Mfuniko ulikuwa kwenye droo ya chini tangu asubuhi, juu ya chaja za simu. Ulikuwa wa bati, umebonyea upande mmoja, na mahali pa kishikio palifungwa bolti. Yule mama akaufunika, ukakaa sawasawa. Akaufunua, akaufunika tena. Akasema ahsanteni, akauliza kama kuna maji ya kunywa, akanywa, akashuka. Watu wakarudi kwenye kompyuta zao.

Ofisi ile ilikuwa inatengeneza gemu. Si gemu la mpira wala la magari. Lilikuwa gemu la falme, lenye mashujaa wa kuvaa chuma, wachawi wenye ndevu, na joka linalotema moto kila likikasirishwa, nalo lilikuwa jepesi la hasira mno. Katikati ya ufalme kulikuwa na duka. Shujaa akishapigwa vya kutosha anaingia humo kutafuta silaha, na kila bidhaa anayoigusa inatoa maelezo mafupi: imetoka wapi, ilikuwa ya nani, inafaa nini.

Maelezo hayo aliyaandika mwanamke mmoja aliyekaa kando ya mashine ya fotokopi. Ofisi nzima ilimwita Bi Sababu, kuanzia bosi hadi mlinzi wa getini. Kazi yake ilitokana na mambo mawili, ubahili wa bosi na mkono wa mchoraji. Mchoraji alikuwa mtu mpole, hodari wa mawingu na majoka, lakini akianza kuchora vitu vya dukani mkono ulikuwa unamponyoka. Akikusudia ngao, unatoka mfuniko. Akikusudia kofia ya chuma, inatoka ndoo. Walimwita Mteleza, naye aliitika bila kinyongo. Kwingine michoro kama hiyo ingefutwa. Bosi alisema hapa kwake hakifutwi kitu. Kilichochorwa kiingie dukani, na Bi Sababu akitafutie sababu.

Basi akawa anazitafuta. Ndoo aliiandikia hivi: "Ndoo ya kubebea ahadi za wafalme. Haijawahi kujaa." Kamba yenye soksi moja aliiandikia: "Kamba ya kulifungia jitu. Soksi ni ya jitu la mwisho." Na mfuniko, kwa mara ya kwanza, aliuandikia: "Joka lilizaliwa jikoni. Haliogopi panga, linaogopa kufunikwa." Wachezaji walicheka, wakanunua, wakaenda kulifunika joka kichwani na kuungua vibaya. Zilikuwa sababu nzuri, na hakuna aliyepanda ngazi kwa ajili yake.

Alasiri moja bosi alitaka maelezo yote yapitiwe upya, haraka, jana ikiwezekana. Bi Sababu alikuwa amechoka, majoka yamemwishia kichwani. Akautazama ule mfuniko kwenye skrini, jinsi ulivyobonyea, ile bolti, akaandika kilichokuja: "Uliachwa chini, kando ya jiko. Maji yalikuwa hayajachemka. Mwenyewe aliambiwa atoke na alichoshika mkononi, na mkononi alikuwa ameshika sufuria." Akabonyeza, akaenda nyumbani. Kesho yake mfuniko ulikuwa kwenye droo ya Mteleza, na mwenyewe alikuwa kwenye ngazi.

Baada ya hapo akaandika namna hiyo hiyo kwa vingine. Ndoo: "Iliachwa imekingwa bombani. Maji yalikuwa yanatoka kidogo kidogo, mwenyewe akasema atarudi." Akaja mzee mmoja, mrefu, mwenye kofia ya sufu, akaikuta ndoo yake chini ya meza. Kabla ya kuondoka alisimama kando ya mashine ya fotokopi akapiga sakafu kwa kisigino.

"Bomba lilikuwa hapa," alisema.

"Hapo hapo?" aliuliza Mteleza.

"Hapo hapo unapoweka karatasi. Foleni ilikuwa inafika kule kwenye ule mti wenu wa plastiki."

Mteleza akaandika kwenye kumbukumbu yake asichore kitu cha maji siku ile, maana sakafu ilikuwa imelowa. Mfagiaji akaja akadeki.

Wakaendelea kuja. Alikuja mwenye soksi, amevaa ile nyingine. Alikuja fundi cherehani akachukua pasi ya mkaa iliyokuwa imekusudiwa kuwa meli ya kivita. Kila mmoja, akishashika chake, alisimama mahali fulani ofisini na kuonyesha: hapa palikuwa sebule, hapa kitanda cha watoto, hapa mkwe wangu alikuwa anaegesha baiskeli, na ole wako uiguse. Dada wa mapokezi aliomba benchi la wageni, likaletwa. Hakuna aliyeuliza wametoka wapi, kwa sababu kila mtu alijua. Kabla ya jengo lile palikuwa na mtaa wa nyumba za chini, mabati yameshikana, unapita kwa ubavu. Bosi aliutaka uwanja, akaupata. Wenyewe waliahidiwa viwanja vingine, vizuri zaidi, vyenye hewa. Hewa waliipata.

Bosi hakuudhika na wageni. Gemu lilikuwa linapendwa kupita matarajio, wachezaji walikuwa wanalia mbele ya ndoo, na bosi alisema kama watu wanataka vitu vyao wapewe, yeye michoro anayo. Mwenye pasi alimvizia kwenye ngazi akamuuliza habari ya kiwanja. Bosi alimshika bega kwa upole, akamwambia hilo linashughulikiwa na ofisi nyingine. Ni jibu alilokuwa nalo tangu mwanzo, wala hakuwahi kusema ofisi hiyo iko wapi.

Sasa Bi Sababu naye alizaliwa mtaa ule. Hakuficha, ila hakuona kwa nini aanze mazungumzo kwa habari hiyo. Alitafuta kazi mji mzima, akaipata pale, na pale alipopangiwa kukaa ni hatua chache tu kutoka ulipokuwa mlango wao wa zamani. Mama yake alijua. Siku alipoambiwa, alisema neno moja tu.

"Kwa hiyo unakaa juu ya jiko langu."

"Mama, ni ghorofa ya nne."

"Juu ni juu."

Na tangu mtaa ulipobomolewa, mama hakulala kitandani. Walipanga chumba na sebule, kizuri, chenye dirisha. Mama alivuta kiti akakiweka kikitazama mlango, akalala hapo ameketi, nguo zake zote mwilini, viatu miguuni. Mlango ule si wake, alisema. Mtu halali chali nyuma ya mlango wa watu. Miaka ikapita namna hiyo. Miguu ikaanza kuvimba, kwanza vifundo, halafu hadi chini ya magoti, ngozi ikawa inang'aa. Daktari alibonyeza kwa kidole, shimo likabaki.

"Dawa nitakupa," daktari alisema, "lakini usipolala kitandani, miguu juu, dawa hazitasaidia kitu. Moyo wako unachoka, mama. Hauwezi kuendelea hivi."

"Nitalala nikifunga mlango wangu," mama alisema.

Daktari akamtazama Bi Sababu. Bi Sababu akatazama sakafu. Walirudi nyumbani na dawa, mama akaketi kwenye kiti chake. Ufunguo wa nyumba isiyokuwepo ulikuwa kiunoni, umefungwa kwa uzi mweusi, mahali ulipokaa tangu siku ile.

Kisha ikaja kazi ya lango. Bosi alitaka toleo jipya la gemu, na toleo jipya lilihitaji lango la ngome, kubwa, la chuma, lenye mafuvu. Mteleza alijifungia asubuhi nzima akachora kwa makini mno, ulimi nje. Alipomaliza akamwita Bi Sababu.

"Dada, njoo uone. Safari hii nimeteleza vibaya."

Kwenye skrini ulikuwa mlango wa mbao mbili, mmoja umepakwa rangi ya kijani, mwingine haukupakwa kwa sababu rangi iliisha. Komeo lilikuwa kijiko kilichokunjwa. Chini, kona ya kulia, palikuwa pametafunwa na panya na kuzibwa kwa kipande cha kopo la maziwa. Bi Sababu alikijua kile kipande. Alikigongomea mwenyewe utotoni, akajigonga kidole, na juu ya hayo akapigwa kofi kwa kupiga kelele.

"Kimeharibika?" aliuliza Mteleza.

"Hapana," alisema. "Kiko sawasawa."

Akaketi kukitafutia sababu, na mikono ikamwia mizito. Akaandika kwamba ulikuwa mlango wa mfalme aliyefukarika. Kesho yake hakukuwa na mlango. Akaandika kwamba ulichongwa na mchawi kutokana na miti miwili iliyogombana. Hakuna kitu, droo tupu, korido tupu. Alijua kabisa kinachotakiwa. Ila ile sentensi ya kweli ingemtaja mtu aliyekuwa anamlipa, na asingeipata kazi nyingine kwa urahisi, na dawa za mama zilikuwa zinatoka hapo hapo. Aliogopa, jamani. Aliketi pale akaogopa hadi chai ikapoa.

Jioni ile alikaa chini, kwenye mkeka, miguu ya mama mapajani mwake, akawa anaikanda kuanzia vidoleni kwenda juu kama daktari alivyoelekeza.

"Mama. Siku ile ulifunga mlango kwa nini?"

"Sasa ulitaka niuache wazi?"

"Tingatinga lilikuwa limeshafika."

"Ndiyo maana nikafunga. Wote tulifunga. Mtaa mzima, mlango kwa mlango, tukatoka nje tukasimama na funguo zetu mkononi. Tulisema mtu mzima na akili zake hawezi kuvunja mlango wa mtu umefungwa." Mama akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Na kweli hawakuvunja. Hata mmoja. Walipitia ukutani."

"Wakapitia ukutani," alisema Bi Sababu.

"Bila hodi! Mwanangu, ningekuwa na ujinga wa kusamehe, ningesamehe yote. Lakini hata hodi?"

Asubuhi Bi Sababu alifika ofisini kabla ya mfagiaji, akawasha kompyuta, akaandika bila kusimama: "Mlango wa mbao mbili. Ulifungwa na mwenyewe, akaondoka na ufunguo. Haukuvunjwa na mtu yeyote. Ukuta ndio ulioondolewa. Mlango bado umefungwa. Anayetaka kupita apige hodi, asubiri."

Bosi aliisoma amesimama nyuma yake, kikombe mkononi. Kahawa yake ilikuwa inanukia karanga.

"Ukuta uliondolewa na nani?"

"Haijaandikwa, bosi."

Bosi akafikiri. Bi Sababu akashika kingo za kiti.

"Iache hivyo hivyo," alisema bosi. "Ina utamu fulani. Wachezaji wanapenda mafumbo."

Toleo likatoka. Mashujaa waliununua mlango ule kuliko panga zote za dukani, wakaubeba mgongoni, wakausimamisha katikati ya nyika na kujibanza nyuma yake. Joka likaja likitetemesha ardhi. Likafika mbele ya mlango, likasimama. Likatazama kushoto, majani matupu hadi upeo wa macho. Likatazama kulia, hivyo hivyo. Halafu likainua ukucha mmoja, likagonga taratibu, likaketi kusubiri. Mafundi wa programu walisema hawakuandika kitu kama hicho. Mkubwa wao akakagua, akaona hakuna kilichoharibika, akaenda kula.

Kesho yake mama alikuwa ameamka mapema. Ameoga, amevaa gauni lake la kutokea, anapangusa viatu kwa kitambaa. Godoro jembamba la wageni lilikuwa limekunjwa na kufungwa kamba.

"Leo tunakwenda wote," alisema. "Hilo godoro libebe wewe."

"Mama, ulisema hutakanyaga pale hadi kufa."

"Nilisema sitakanyaga kwake. Nakwenda kwangu."

Lifti ilifanya kazi siku ile, na mlinzi akamsaidia kuingia. Ghorofa ya nne, kwenye korido, kati ya mapokezi na ofisi ya bosi, mlango ulikuwa umesimama. Haukuwa na ukuta kulia wala kushoto; kila upande palikuwa na nafasi ya kupitisha toroli. Ulikuwa umesimama wima tu juu ya zulia, na kijiko chake, na kipande cha kopo kona ya chini. Mteleza alikuwa ameshaketi kwenye benchi la wageni akiutazama kwa haya, maana aliona sasa kwamba ile rangi ya kijani hakuipatia vizuri.

Mama alifungua uzi kiunoni, vidole vikimhangaisha. Bi Sababu akataka kumsaidia, akapigwa kikofi cha mkono. Ufunguo ukaingia, ukazunguka, na kitasa kikatoa ule mlio wa kukwaruza ambao Bi Sababu alikuwa ameusahau hadi alipousikia, na machozi yakamtoka pale pale mbele ya wenzake, wala hakuyafuta. Mama akaingia. Akapokea godoro. Akafunga mlango kwa ndani, akageuza kijiko, akavua viatu.

Kwa upande wa pili angeweza kuonekana na mtu yeyote aliyeinama kidogo pembeni. Hakuna aliyeinama. Walisikia godoro likitandikwa, magoti yakilia, kisha pumzi ndefu, ndefu kweli, ya mtu anayenyoosha mgongo. Na baada ya muda mfupi, mkoromo. Mama alikuwa anakoroma kwa nguvu. Dada wa mapokezi akapunguza sauti ya simu.

Majirani walianza kufika kabla ya adhuhuri, kila mmoja na chake. Mama wa mfuniko alileta sufuria ya chai, safari hii imefunikwa.

"Hodi!"

Mkoromo ukakatika. "Nani?"

"Mimi, jirani wa ukuta mmoja. Yule uliyekuwa unamsema kwa moshi."

"Karibu, mwenye moshi! Karibu ndani!"

Kijiko kikageuzwa, mlango ukafunguka, vikasikika vicheko na vigelegele. Akaja mzee wa ndoo, akapiga hodi, akakaribishwa. Akaja fundi cherehani. Akapiga hodi Mteleza, akaingia na kopo la rangi ya kijani, akamalizia ule ubao wa pili, akapewa chai. Hata mfagiaji alipiga hodi akapitisha ufagio. Ndani, yaani kwenye ile korido iliyobaki, palikuwa pamejaa watu, wanaonyeshana nani alikaa wapi, wanabishana mti ulikuwa upande gani, wanacheka hadi wanashika mbavu. Bi Sababu aliwahudumia vikombe vya ofisi. Tangu aajiriwe hakuwahi kupenda kuwa mahali pale, na siku ile alipapenda sana.

Mama akawa anakuja kila siku ya kazi pamoja na binti yake. Anafunga, anavua viatu, analala chali hadi alasiri, miguu juu ya furushi la karatasi za fotokopi. Vifundo vya miguu vikaanza kuonekana. Daktari alibonyeza kwa kidole, shimo halikubaki, akasema dawa zake zinafanya kazi. Mama alimshukuru kwa adabu.

Viwanja havikutolewa. Langoni mwa jengo lile jiwe la uzinduzi liliendelea kusimama, na jina la bosi limechongwa juu yake kwa herufi za dhahabu. Picha ya mlango ilibandikwa kwenye mabasi kutangaza gemu, na bosi alipewa tuzo kwa ubunifu, akasema jukwaani kwamba wazo lilimjia akioga. Ofisi nyingine, ile inayoshughulikia, haijajulikana iko wapi mpaka leo.

Asubuhi baada ya tuzo bosi alikuja na kahawa yake, suti mpya, anapiga mluzi. Akaufikia mlango. Akapita kushoto kama alivyozoea, akajikuta amesimama tena mbele ya mlango. Akapita kulia, ikawa hivyo hivyo. Mteleza na dada wa mapokezi walikuwa wanamtazama kutoka upande wa pili, wameshapiga hodi zao mapema. Ofisi yake ilikuwa pale pale, anaiona, kiti chake, simu yake inalia.

Bosi akakohoa.

"Hodi," alisema.

Mkoromo ukaendelea.

"Hodi!"

Ukakatika. "Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

Bosi akataja jina lake lote, lile la kwenye jiwe, bila kuacha hata moja. Bi Sababu, kando ya mashine ya fotokopi, aliacha kuandika. Godoro likasikika likigeuziwa ubavu wa pili.

"Subiri hapo nje, baba," alisema mama. "Mwenye nyumba amelala."

Bosi akahamishia kikombe mkono mwingine, akasubiri.